Bomba Jipya la Subenkrom

Jumatatu, 3 Juni

Waamuzi wa Tuzo ya Kampuni Yenye Utu wanakuja Ijumaa kutoka Accra kutazama wema wetu. Wema wenyewe hatuna! Sisi tunachimba dhahabu, hatugawi uji. Bosi kaniita mimi, Fiifi, mkuu wa mahusiano na jamii. Tuzo ikija, nitapata ofisi yenye dirisha. Dzifa wa idara ya mazingira akadakia kwamba tuzibe bwawa letu la matope yenye sumu ya mgodi, maana linavujia mto Suben na kijiji kizima cha Subenkrom kinaunywa. Kiherehere! Bwawa lililozibwa halina picha. Bomba la maji lina picha, tena na utepe juu.

Jumanne, 4 Juni

Kisima kimechimbwa. Maji yametoka rangi ya chai ya maziwa na yananuka misumari. Si kitu. Nyuma ya bomba nimeficha tangi, nikalijaza maji safi ya lori kutoka Tarkwa. Akili ni mali! Nana Konama, malkia mama wa kijiji, ambaye kwa mila hasemi na mtu moja kwa moja, akauliza kupitia msemaji wake kama bomba litatoa maji hata Jumamosi. Nikamwambia msemaji asianze kutafuta nongwa.

Jumatano, 5 Juni

Nimetafuta watoto wa kupigwa picha. Balaa! Wote wana vidonda miguuni kwa sababu ya mto. Dzifa akaniuliza kama sasa nimeona. Nimeona sana, ndiyo maana nimeagiza soksi ndefu za bluu, rangi ya kampuni. Kuna binti anaitwa Esaaba, anacheka vizuri ingawa hana meno ya mbele. Huyo atakaa katikati. Akauliza kama soksi zitakuwa zake. Nikamwambia ni za kuazima.

Alhamisi, 6 Juni

Wezi! Wanawake wamegundua tangi na kulikausha kwa ndoo kabla sijamaliza donge langu la kenkey la asubuhi. Wanachota huku wanaimba! Mmoja akanishika mkono kunishukuru, eti mwanawe leo ameoga maji anayoona vidole vyake ndani. Nilitaka kulia, kwa hasira. Dereva wa lori naye hapatikani, amekodiwa kupeleka maji kwenye mazishi Takoradi. Nchi hii maiti ana bahati kuliko mzima. Basi nikavuta maji ya mto kwa pampu hadi tangini na kuyatia shabu. Tope likatulia, maji yakang'aa. Waamuzi wana macho, nao watakuja na chupa zao za kunywa.

Ijumaa, 7 Juni

Mtoto wa Saltpond mimi, nimesahauje mila yetu? Mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajapewa maji! Hata bibi yangu kipofu hakuwahi kukosea hilo. Miaka ya kutembea na chupa ya kampuni imenipumbaza.

Msemaji akatangaza kwamba Nana anaomba chupa zirudi garini, mgeni haji na maji yake kama mtu anayeogopa kulishwa sumu. Vibuyu vikaja, vimejazwa kwenye bomba langu mbele ya kamera. Kukataa maji ni kusema umekuja kwa vita. Bosi akaninong'oneza, haya maji ni salama? Dzifa alikuwa ananikodolea macho. Ningesema hapana tu, neno moja, na Nana angepata alichokuwa anakitaka, kampuni ikiri mbele ya kamera. Nikaliona dirisha langu. Nikasema salama kabisa, Bosi, nikapiga mafunda mawili kuonyesha mfano. Waamuzi nao wakanywa.

Nana hakunywa. Akatuma neno: haya ndiyo maji wanayokunywa wajukuu zangu, sasa tumekuwa ndugu, semeni kilichowaleta. Esaaba akapiga makofi peke yake.

Jumapili, 9 Juni

Hospitali. Tumbo! Bosi yuko kitanda cha pili, haniangalii. Dzifa amekuja na machungwa, akayaacha kwa Bosi.

Matokeo yametoka. Sisi wa pili. Waamuzi wameandika kwamba bomba letu limewagusa hadi ndani. Wa kwanza ni kampuni ya sigara, imejenga wodi ya mapafu.

Wodi! Mjinga mimi, nahangaika na mabomba! Mwakani tutajenga wodi ya matumbo pale pale Subenkrom, na wagonjwa hawatakosekana. Nimemweleza Bosi. Akageukia ukutani, kisha akauliza ina vitanda vingapi. Bwawa hakulitaja, wala mimi.

Muuguzi anasema chumba cha pili kuna watoto wa kijijini, waliletwa jana, na mmoja hali yake si nzuri. Nikajikongoja kuchungulia. Ni Esaaba, ana dripu mkononi, amelala na soksi zangu miguuni. Hakucheka. Nimemwambia muuguzi akiamka amvue taratibu, azifue, anirudishie. Zitafaa siku ya kufungua wodi.