Mbawakawa wa Droo ya Kumi na Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Daktari, mkuu wetu hapa kituo cha wadudu, ametangaza kwamba kazi imepungua. Wadudu wenyewe ndio wamepungua! Zamani chupa ya mtego wangu kule msituni ilijaa hadi shingoni kwa wiki. Leo nimemimina spiriti ya mtego kwenye sahani, nikapata nzi, nyigu watatu na nondo mmoja hoi. Mwisho wa mwezi atabaki mtu mmoja wa mitego: mimi au mwenzangu Lenzi. Daktari hakusema atachaguaje. Mimi najua. Mwenye chupa iliyojaa!

Jumanne, 4 Machi
Lenzi ana wadudu mia mbili na sita. Alikuja kunionyesha akijidai ananisalimia, na ile lenzi yake shingoni. Mimi nina arobaini na mmoja, pamoja na mguu niliouhesabu kama panzi. Mke wangu kasema niandike hivyo hivyo, wachache nao ni habari, na Daktari anataka kujua ukweli. Nikamwambia ukweli haujazi chupa. Akaniambia basi nikajaze ndoo.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata! Kabati la nyuma, droo ya kumi na tisa. Vumbi lake latosha kupanda mchicha. Ndani, mbawakawa wakavu tele, wamekaa tangu enzi za mwalimu wa Daktari. Nani atawaulizia? Nimechomoa pini thelathini, nikawalainisha kwa mvuke wa birika la ofisi, nikawatumbukiza chupani. Chai ya saa nne ilinuka. Wote wakalaumu maziwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Alhamisi, 6 Machi
Ushindi! Halafu sijui niseme nini. Daktari aliinamia sahani yangu, akavua miwani. Akasema yule wa kijani mwenye pembe mbili hajaonekana kwa miaka thelathini na mmoja. Mwalimu wake alikufa akimtafuta tena. Akalia mtu mzima, machozi na makamasi, akanikumbatia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikafungua kinywa nikiri. Lenzi akaguna. Nikasema mitego inataka mkono mwepesi.

Ijumaa, 7 Machi
Njia ya mwongo fupi. Yangu haikumaliza hata siku mbili. Lenzi aliomba amwone yule wa kijani kwa karibu, kisha akauliza, kwa upole wa kuudhi, tangu lini wadudu wa msituni wanakuja wametobolewa. Mbawakawa sote tunamchoma pini kwenye gamba la bawa la kulia. Matundu thelathini, yote kulia! Miaka tisa nachoma hapo hapo, na sikukumbuka. Daktari hakufoka. Afadhali angefoka. Alikaa, akasema amelala usiku mmoja akiwa na furaha. Nafasi kapewa Lenzi. Mimi Jumatatu nikabidhi funguo.

Jumapili, 9 Machi
Nilikuwa uani naanika nguo, kitu kikatua kwenye shuka. Kijani. Pembe mbili. Kinatembea! Mke wangu, ambaye kwake kila mdudu ni mende, akasema nimpigie Daktari hapo hapo, aje amwone angali hai. Hayo ndiyo mashauri ya watu wasio na taaluma. Akiruka je? Akienda kutua kwa Lenzi je? Nikamwahi kikazi: spiriti, pini, bawa la kulia. Safi kabisa, hata pembe haikupinda.

Mke wangu akamtazama, akanitazama. Akauliza Daktari atamtofautishaje na wale thelathini.

Nimekaa kitandani saa nzima nikiwaza. Kumbe jibu lilikuwa kwenye meza ya vipodozi ya mke wangu. Kesho, kabla sijampeleka, naziba tundu kwa rangi ya kucha. Anayo ya kijani.