Garimoshi Juu ya Mlango wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kwanza ya likizo. Nimepanda kiti, nikateremsha boksi lililokaa juu ya kabati miaka ishirini na sita. Garimoshi langu la utotoni, zawadi ya marehemu baba. Injini moja, mabehewa matatu, reli za mzunguko mmoja. Nikaunganisha waya. Injini ikatoa harufu ya kuungua, ikafikiri kidogo, ikasogea. Nimefurahi mpaka nimejishangaa.

Mke wangu hakushangaa. Akasema mama yake anakuja Jumamosi na chumba cha wageni kiwe tayari. Kisipokuwa tayari, garimoshi litakwenda kwa watoto wa kaka yake, moja kwa moja. Nimemwambia aondoe wasiwasi. Huwa anazidi kuwa nao nikimwambia hivyo.

Jumanne, 4 Machi
Reli zinataka ubao mpana ulionyooka. Shemeji, huyo kaka mtu, ni seremala. Alipiga simu kusema atanitengenezea meza ya nguvu, nimpe wiki mbili. Namjua. Ukikubali meza yake, kila akija kukutembelea ataisalimu meza kwanza. Nimemshukuru, nikakataa. Mimi nina bisibisi yangu.

Mchana nikautazama vizuri mlango wa chumba cha wageni. Mpana, umenyooka, na hauna kazi yoyote mpaka Jumamosi. Bawaba tatu, skrubu kumi na mbili, kidole kimoja kilichochubuka. Sasa umelala kwenye kitanda cha wageni. Huo mlango ni kazi ya shemeji mwenyewe. Sikuuchagua kwa sababu hiyo, lakini sikusikitika.

Jumatano, 5 Machi
Misumari ni ya watu wasiojiamini. Nimebandika reli kwa gundi ya mbao. Mlima nimeufinyanga kwa magazeti na ndoo nzima ya gundi. Kitasa kilikuwa kinanikera katikati ya stesheni, nikakipaka rangi nyekundu, kikawa tangi la maji. Vichaka nimevikata kwenye sponji ya vyombo.

Mke wangu akauliza kama nimeiona sponji. Nikasema hapana. Kwa hali yake ya sasa, hata yeye asingeitambua.

Ijumaa, 7 Machi
Reli hazing'oki. Nimejaribu kisu, maji ya moto na maneno makali. Gundi imeshika kazi yake kuliko mtu yeyote ninayefanya naye kazi ofisini. Mlima, kwa upande wake, bado mbichi.

Mke wangu akanipa shuka mpya kupitia pazia nililotundika pale mlangoni, akauliza mlango uko wapi. Nikasema unapakwa rangi. Kweli tupu. Akasema mama yake halali chumba kisicho na mlango kwenye nyumba ya mkwe wake. Hapo nikakubaliana naye. Hata mimi ningeona aibu.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu alipokwenda kumpokea mama yake, nikaurudisha mlango mahali pake pamoja na nchi nzima iliyo juu yake. Ukiwa koridoni, mlango wa kawaida kabisa. Ukiwa ndani, reli zinapanda juu, stesheni imelala ubavu na mlima unaning'inia. Nikajiambia ataona ni pambo.

Mama mkwe akafika. Tukasalimiana kwa adabu zote. Akaingia chumbani kubadilisha nguo, akafunga mlango. Kishindo! Mlima ulikuwa umeporomoka na kujibana kati ya mlango na mguu wa kitanda. Mlango wenyewe unafungukia ndani. Yeye ndani, sisi nje.

Mke wangu hakunitukana, akachukua simu. Angenitukana ningepata nafuu. Shemeji akaitwa. Akafika na sanduku la vifaa, akataka kwanza kujua nani kagusa bawaba zake. Kabla hajajibiwa, mama mkwe alikwisha kuuvunjavunja mlima kwa kisigino cha kiatu. Akatoka na kichaka kwenye mtandio, akauliza garimoshi hilo linakwenda wapi. Nikasema linazunguka. Akauliza, likimaliza kuzunguka?

Jumapili, 9 Machi
Hukumu ya mke wangu imetoka wakati wa chai: garimoshi liondoke leo. Reli nilizibandua kwa patasi ya shemeji, nikafunga boksi mwenyewe. Nakiri machozi yalinilenga, na shemeji, aliyekuja kulichukua, aliyaona. Nilimwonyesha jina langu chini ya injini, mwandiko wa baba, nikamwomba watoto wasilifute.

Mama mkwe akaweka kikombe chini. Akamwambia binti yake kwamba marehemu mumewe alifuga njiwa mpaka uvunguni mwa kitanda, na leo angewapokea wote, na uchafu wao, ili mradi yeye arudi nao. Mke wangu akalisogeza boksi kwangu. Kisha akatoa sharti: meza moja, na reli isivuke ukingo wake hata kidole. Nimeapa mbele ya mkwe wangu. Na nilimaanisha.

Jumatatu, 10 Machi
Shemeji kaleta meza, iliyokuwa karakanani kwake. Kaisalimu. Nimevumilia. Meza ni nzuri, lazima niseme, na nitakiheshimu kiapo changu mpaka kufa.

Ila ni fupi kwa shubiri moja. Mzunguko haufungi. Nimepima mara tatu. Upande huo meza imegusana na ukuta wa jikoni, ambao ni wa mbao nyembamba tu. Reli ikipita ukutani haijavuka ukingo, imeingia handaki. Tundu lenyewe ni dogo kama sahani, na litatokea nyuma ya kabati la vyombo, ambapo hakuna mtu anayeangalia. Mke wangu na mama yake wametoka kidogo. Msumeno nimeazima kwenye sanduku la vifaa ambalo shemeji amelisahau hapa.