Meneja wa Tawi la Likoni

Mei mwaka 1991, masika ilipofunga hoteli za pwani ya kusini na watalii wakarudi kwao, Mwidani wa mtaa wa Shika Adabu alibaki na ulimi mtamu pasipo sikio la kuutilia. Basi alipomwona bwana mmoja akishuka feri amevaa suti, mwavuli mkono huu na taipureta mkono huu, moyo ulimdunda kama wa bwana harusi.

"Salaam aleikum, bwana. Karibu Likoni. Watafuta nyumba?"

"Natafuta nyumba yenye faksi," akajibu yule bwana. "Naitwa Gershom. Kampuni yangu ya bima iko Nairobi, lakini daktari ameniagiza hewa ya bahari. Nitakaa huku na kazi nitaituma huko. Bila faksi, sikai."

Mwidani alikuwa amelisikia neno faksi mara moja tu, tena kwa mbali.

"Faksi? Nyumba yangu ina faksi kubwa, wallahi. Yala karatasi kama mbuzi!"

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mzungu mmoja aliyekwenda kwao hadi Agosti, akamwachia Mwidani funguo ili amwagilie maua, kazi ambayo mvua ilikuwa ikimfanyia. Gershom akalipa wiki moja. Zilizobaki, alisema, zingelipwa na kampuni.

Faksi ilipewa chumba cha stoo. Mwidani alikata tundu chini ya mlango, akaupiga kufuli.

"Usifungue, bwana. Mashine hii ikipigwa na mwanga hushikwa na homa."

Kila asubuhi Gershom alisukuma karatasi tunduni. Ndani, Mwidani, aliyekuwa amepitia dirisha la nyuma, aliketi juu ya debe akizungusha mashine ya kusagia nyama ya mkewe, Kafedha. Krrr, krrr. Baada ya nusu saa, jibu lilitoka.

Barua ya kwanza ilisema: "Kwa Mkurugenzi. Nimefika salama. Naomba maelekezo."

Mwidani alitafuna kalamu, akaandika: "Endelea."

Gershom aliisoma kwa heshima kubwa. "Mkurugenzi wetu hana maneno mengi," alimwambia Mwidani walipokutana barazani. "Lakini mbona karatasi inanuka kitunguu?"

"Ndio wino wa Nairobi huo."

Wiki ya pili Mwidani alinogewa. Mkurugenzi alimkemea Gershom kwa kuchelewa kuamka, akamsamehe, akampa pole ya mafua. Siku moja alimtumia wosia wa kurasa tatu kuhusu uaminifu kazini, na Mwidani mwenyewe akatokwa na machozi alipouandika. Huku nyuma Kafedha alimpikia mgeni samaki wa kupaka kila mchana na biriani kila Ijumaa.

"Chakula chote hiki atakilipa nani?" Kafedha akamwuliza mumewe.

"Kampuni."

"Na huko kwenye kampuni, barua zake azisoma nani?"

"Wewe endelea kukuna nazi yako," akasema Mwidani.

Wiki ya nne barua ndefu ikapita tunduni. Gershom alieleza kwamba anacho kitabu cha hundi cha kampuni, ila kwa kanuni zao hundi hutiwa saini na meneja wa tawi, na pwani hapakuwa na meneja. Aliomba ateuliwe mtu mwaminifu, ili kodi na chakula vilipwe. Tena yeye alihitaji chombo cha kumfikisha kwa wateja Voi.

Mashine ya nyama ilinyamaza. Mwidani aliisoma barua mara tatu, kisha Mkurugenzi akajibu:

"Mteue Mwidani. Sifa zake zimefika hata huku. Chukua pikipiki yake, naye ajilipe kwa hundi bei ya pikipiki mpya. Asione haya."

Gershom alimfunga Mwidani tai yake mwenyewe shingoni, akamkabidhi kitabu cha hundi, akapokea funguo za pikipiki pamoja na hati zake. "Hongera, Meneja." Mwidani alimjua vyema aliyemteua, lakini cheo ni cheo. Gershom akaiwasha pikipiki, akashika njia ya Voi.

Kesho yake akaingia benki moja ya Changamwe na hundi aliyojiandikia bila kuona haya. Karani, dada aliyeitwa Rosalia, aliitazama, akashusha pumzi.

"Kampuni hii ilivunjika miaka miwili iliyopita, na akaunti yake ikafungwa. Wewe ni nani?"

"Meneja. Tawi la Likoni."

"Basi kakae na wenzako." Akamwonyesha benchi.

Palikuwa na watu wanne waliokuwa wakija kila siku kudai, kila mmoja na hundi mkononi. Mzee Boga alikuwa meneja wa tawi la Watamu. Mashine ya boti yake ilikuwa imekwenda na Gershom. Bi Dhahabu alikuwa meneja wa tawi la Diani. Yeye alitoa friji. Wawili waliobaki walikuwa wa Kilifi, na walikuwa wakigombana nani ni meneja na nani ni naibu.

"Gershom alikuja kwenu msimu wa mvua?" Mwidani akauliza.

"Kwetu sote, mvua hii hii ilipoanza," akasema Bi Dhahabu. "Huyo Gershom hatuna haja naye, alikuwa tarishi tu. Sisi twamtaka Mkurugenzi. Barua zote alizotusomea Gershom zatoka kwake."

Rosalia aliinamia daftari lake, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mwidani aliliona hilo. Kutapeliwa angeweza kuvumilia, lakini kuwa mjinga wa tano kwenye benchi moja, yeye, Mwidani, ilikuwa aibu isiyomezeka. Alisimama, akanyoosha tai.

"Sikilizeni," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa dada yule. "Mimi si meneja kama nyinyi. Barua za kwangu zote niliandika kwa mkono huu. Mkurugenzi ni mimi."

Benchi zima likainuka. Bi Dhahabu ndiye aliyemfikia kwanza.