Jinsi Ngome ya Ghorofa ya Pili Ilivyotekwa Kando ya Reli

Sogeeni, enyi mnaolipa kodi kabla ya kununua unga! Sogeeni, nanyi mliopandishwa ngazi za watu mkateremshwa zile zile mikono mitupu! Zimeni simu, mkae kitako, kwa kuwa nasimulia vita vya kutafuta nyumba ya vyumba viwili, ambavyo waandishi wa tarehe wamevinyamazia kwa sababu wao wana kwao.

Alikuwapo muuguzi wa wodi ya watoto, Mwenye Viatu Vyeupe, Mshika Sindano Asiyetetemeka, ambaye mbele yake hata akina baba wenye ndevu huangalia ukutani. Aliishi na mama yake pembezoni kabisa mwa mji, mahali ambapo basi huja likijisikia. Siku moja, yeye akiwa zamu, wezi waliung'oa mlango pamoja na bawaba zake, mama akiwa ndani anakunja nguo. Hawakumgusa. Walibeba televisheni, wakaaga kwa adabu. Lakini tangu siku hiyo mama hakulala usingizi wa maana. Alikesha kitini akiukodolea macho mlango mpya, asiuamini hata kidogo. Mwanawe alimwona anavyokonda, akaingiwa na hofu, ndipo akala kiapo: watahamia karibu na reli nyepesi, ile treni fupi ya umeme inayosimama langoni pa hospitali, katika nyumba ambayo mlango wake ni mlango kweli na kodi yake haimtoi mtu roho.

Basi akatwaa dalali. Loo, dalali! Mtaani walimwita Hapo-Tu, maana kwake yeye kila nyumba duniani iko hapo tu, kituo unakiona. Aliwazungusha mama na mwana hata jua likawakaa utosini. Aliwaonyesha chumba kilichopakana na reli hasa, ila mlango wake ulifungwa kwa kamba. Chumba kingine kilikuwa na nondo kila dirisha, na kodi ya kununulia behewa.

"Ewe dalali," alinena shujaa mbele ya nyumba nyingine, "uliniapia kwamba treni iko karibu. Basi nionyeshe!"

"Dada yangu, nyamaza kidogo. Upepo ukigeuka utaisikia."

Hata wakafika kwenye jengo moja la kijivu, na kituo, wallahi, kilikuwa ng'ambo ya barabara. Mwenye jengo, mjane aliyeitwa Bi Funguo kwa shada la funguo lililomning'inia kiunoni, aliwapandisha ghorofa ya pili, akasimama mbele ya mlango wa chuma, akahutubu:

"Utazameni! Marehemu mume wangu aliuchomelea kwa mkono wake. Komeo la ndani likishashuka, hafungui mtu: si mwizi, si askari, si mimi mwenyewe!"

Kisha akataja kodi. Nayo, enyi wasikilizaji, ilikuwa inalipika!

"Ila msifurahi mapema," akaongeza. "Kuna bwana wa benki, yuko njiani. Akipapenda, ataongeza dau."

Hapo mama, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa, akasema, "Naomba nilijaribu hilo komeo." Akaingia, akafunga, akalishusha. Kra! Wakangoja afungue, wapi!

"Mama?" Muuguzi akagonga, akaita tena na tena. Akaweka sikio mlangoni. Akasikia mkoromo, mzito, wa raha, wa mtu aliyelala juu ya sakafu tupu bila habari na dunia. Naye Asiyetetemeka akalia pale pale, kwa furaha.

Ndipo bwana wa benki akatokea, akihema kwa ngazi.

"Mwamshe mama yako!" aliamuru Bi Funguo. "Mgeni aone vyumba!"

Shujaa akatanda mbele ya mlango. "Mama yangu hajalala tangu wezi watung'olee mlango. Anayetaka kumwamsha aanze na mimi!"

Bi Funguo akaingiza ufunguo mmoja baada ya mwingine, mlango ukamdharau. Hapo-Tu akashauri waite fundi aukate.

"Mlango wa marehemu?" Bi Funguo alifoka. "Thubutu!"

Treni ikapita, vioo vikatetemeka, mkoromo usikatike. Bwana wa benki akauliza mama ataamka lini.

"Ana deni la usingizi, kaka yangu," muuguzi alijibu. "Sikudanganyi."

Bwana akatazama saa yake, akashuka ngazi, na treni ikambeba.

Bi Funguo aliketi kwenye ngazi, akasikiliza kwa muda mrefu. "Tangu mume wangu aondoke, sijasikia mtu akikoroma humu," alisema taratibu. "Mwache alale. Kodi ni ile ile niliyotaja."

Andikeni basi, enyi waandishi wa tarehe! Andikeni kwamba ngome ile, iliyomshinda mwenyewe na funguo zake zote, ilitekwa na mama mmoja aliyekuwa usingizini, na kwamba mji mzima haukujua kitu.

Jua lilipoinama, komeo lilipanda. Mama akachungulia, shavu limechorwa alama za sakafu, akawakuta wote watatu wamejipanga ngazini.

"Jamani, mbona mmekaa nje? Karibuni ndani."

Bi Funguo, mwenye jengo zima, akainuka, akajifuta vumbi.

"Hodi," akasema.