Firigisi ya Kamukuywa

Dancan Ngige wa Kitale hakuwa na duka wala shamba. Mtaji wake wote ulikuwa uso ambao mtu akiuona leo, kesho ameusahau. Kwa tapeli, huo ni utajiri. Ndiyo maana mwaka ule wa 2009, alipofungua ukurasa wa Fesibuku uitwao Sauti ya Kamukuywa, mahali pa picha yake aliweka Mlima Elgon.

Fursa ilijileta yenyewe. Binti mmoja, Nasike, alikuwa amebandika humo picha ya choo cha soko la Kamukuywa kilichoanguka, na watu wakawaka. Dancan alichochea moto huo wiki nzima, kisha akashuka Bungoma kumwona Wanjala, diwani wa Kamukuywa.

“Mheshimiwa, huko Fesibuku unachomwa, bana!”

“Ati nani ananichoma?”

“Vijana. Lakini mimi wananisikia. Ningekuwa na ile pikipiki yako nyekundu, ningewafikia wote niwatulize.”

Diwani alitazama ufunguo, akaguna, akamkabidhi. “Nenda nayo sokoni mwenyewe, uwaambie yameisha. Ukirudi, pikipiki ni yako.”

Kwa Dancan, hiyo ilikuwa kazi ya kumsukuma mlevi.

Sokoni alijitambulisha kuwa ndiye Sauti ya Kamukuywa, akapokewa na Mama Nakhungu, mamake Nasike na mwenyekiti wa wachuuzi. Akatengewa ugali na kuku, firigisi ikiwa juu kabisa. Kwao Dancan, firigisi ni ya aliyeiwahi. Akaiwahi.

Vichwa vyote sokoni vikamgeukia. Halafu vigelegele!

“Mbona mnashangilia, mama?”

“Si umekula imondo, hiyo firigisi? Hapa hiyo huliwa na mwenye boma. Mgeni asiyetaka mzigo huisukuma kando kwa adabu. Wewe umeimeza mbele ya soko lote. Basi choo ni chako, baba.”

“Mimi ni mpita njia tu!”

“Mwenye boma hapiti njia. Nasike, umempiga picha?”

“Nimempiga, mama. Na shavu limetuna vizuri.”

Jua halijazama, picha ilikuwa imeenea hadi Malakisi: huyu hapa Sauti ya Kamukuywa, amekula imondo, ameapa choo kitajengwa. Diwani akampigia simu. “Nilikutuma uzime moto, umekuwa kuni!” Lakini uchaguzi haumngoji mtu, kesho yake akaleta matofali na saruji mwenyewe. Pikipiki nyekundu ikabeba mchanga mpaka choo kikasimama, na akina mama wakaona ni busara ibaki sokoni.

Dancan alirudi Kitale mikono mitupu, lakini hakukata tamaa. Alivaa tai, akamfuata Mama Kabura, muuza viazi katika soko la huko.

“Shikamoo mama. Mimi ni afisa wa mbegu kutoka...”

Kabura akamkazia macho, kisha akapiga makofi. “Ciru! Waithera! Kujeni mbio! Ni yule wa firigisi!”

Wachuuzi wakamzunguka, simu juu. Dancan akapapasa uso wake, ule mtaji wa miaka mingi, akaona umekwisha.

“Sasa mheshimiwa,” Kabura akasema, akimvutia kigoda, “choo chetu hapa unaanza lini?”