Mgeni Kwenye Waya wa Kwanza

Mnaojidai mmesoma, leo kaeni pembeni. Asubuhi ya leo, kijiweni kwa Mama Kurwa hapa Newala mjini, kompyuta imeumbuka mchana kweupe, na mimi nilikuwepo kwa macho yangu mawili.

Aliyeanza ni Jafari. Tunamwita Redio kwa sababu habari za dunia humfikia yeye kwanza, na zikitoka kwake huwa zimenenepa. Ukungu ulikuwa haujaondoka, tumejikunyata ndani ya makoti, vikombe vya kahawa viganjani. Akatangaza:

"Jamani, tumekwisha! Nimesikia alfajiri. Miaka mitano tu, kompyuta zitafanya kazi zote. Zitafundisha, zitatibu, zitaamua kesi!"

"Na mikorosho zitapulizia?" akauliza Hamidu. Huyu ana mashine ya kupulizia salfa mashambani, ndiyo maana jina lake ni Pembejeo.

"Zitapulizia, zitaokota, zitabangua na zitakula!"

"Zithubutu kwenda Chilangala kwa shemeji yangu zikutane na siafu."

"Siafu anang'ata chuma?"

"Siafu wa Chilangala anajua chuma ni nini?"

Mama Kurwa akatikisa kichwa kwenye kiti chake. Kiti hicho ndicho pekee chenye mgongo pale kijiweni, na hakikaliwi na mtu mwingine. Akiwa hapo, sukari iko kulia, vikombe kushoto, jiko mbele, na hanyanyuki hata kidogo.

"Zikija hapa nitazipa maji ya moto," akasema.

Hapo mlango wa steshenari jirani ukafunguka kwa kishindo. Akatoka Cyril, vumbi kichwani, bisibisi nyuma ya sikio.

"Nisaidieni! Mama Flora anakuja saa nne, na kompyuta imegoma!"

Tukashusha vikombe wote, maana jambo hilo tunalijua. Cyril hupiga video za harusi. Mwezi uliopita alipiga ya Flora kule Kitangari, na huko huko akampenda Rose, mdogo wake bibi harusi. Alipojikakamua kumweleza mama mtu, Mama Flora akamjibu: "Kwanza nione kazi yako. Ikinipendeza, ndipo tuzungumze habari za mshenga." Kwa hiyo kilichokuwa kimekwama ndani ya ile kompyuta si video, ni mke.

"Haiwaki kabisa?" akauliza Redio.

"Feni inazunguka, kioo kinabaki cheusi, kinaandika kwamba hakioni pa kuanzia. Basi, inakaa tu."

"Umeifanya nini?"

"Nimeiongezea diski ya pili. Video ya harusi ameipanga Christopher, mhariri wa Masasi, ikawa kubwa, haiingii kwenye fleshi, akanipa diski nzima. Nimeifunga leo alfajiri."

"Sasa si uing'oe!" akasema Pembejeo.

"Nikiing'oa inawaka vizuri, lakini harusi ndiyo iko humo. Diski ya zamani ina akili, mpya ina harusi. Nikiziweka pamoja, sipati akili wala harusi."

"Hata kwa binadamu ni hivyo hivyo," akasema Mama Kurwa, akikoroga kahawa yake.

Tukahamia steshenari, kila mtu na dawa yake. Pembejeo akataka alete mashine yake aipulize vumbi.

"Naitoa salfa kwanza, Cyril, nakuapia. Upepo mtupu!"

"Salfa ya miaka sita itoke leo?" akadakia Redio. "Nyie Wamakonde bwana, kila ugonjwa kwenu ni ubwiri unga wa mikorosho! Huu ni uke wenza. Umeleta wa pili bila kumuaga wa kwanza."

"Nyamaza wewe Myao, hata redio yako unaipiga kofi ndiyo iseme!"

Redio akampungia mtani wake mkono. Akapiga magoti, akaiwekea kompyuta mkono begani, kama ina bega, akaibembeleza: "Bibie, hakuna aliyekuacha. Huyu ni mgeni tu."

Kompyuta ikalia: pii!

"Imeitika!"

"Imekutukana hiyo," nikasema.

Cyril hakucheka, alikuwa karibu kulia. "Na nilivyoiheshimu! Huko ndani kuna waya wa kwanza na wa pili. Diski ya zamani ndiyo iliyokuwa kwenye wa kwanza, nikaisogeza. Nikasema mgeni akae mbele, mgeni njoo mwenyeji apone. Mbona mwenyeji ndiye ameugua?"

Nje bodaboda ikazima. Mama Flora huyo, kitenge kipya, na nyuma yake Rose anatabasamu chini chini. Tukachomoka mbio kurudi kijiweni, tukijifanya hatujatoka.

"Shikamoo mama!" tukamwamkia kwa pamoja kama darasa la kwanza.

"Marahaba wanangu. Video iko tayari?"

"Inapata joto, mama," akasema Redio haraka. "Mama Kurwa, mpishe mgeni!"

Adabu ni adabu. Mama Kurwa akanyanyuka, Mama Flora akakaa kwenye kiti chenye mgongo. Pembejeo naye, kwa mazoea ya miaka kumi, akanyoosha kikombe kuelekea pale pale.

"Niongezee, mama, na sukari kidogo."

Nikanyoosha na mimi. Na Redio. Mama Flora akavitazama vikombe vitatu mbele ya uso wake.

"Nnungu wangu! Mimi nimeshuka sasa hivi kutoka Kitangari, nitajua sukari yenu iko wapi? Mwenye jiko mmemsimamisha, halafu mnamwomba mgeni!"

Mlangoni mwa steshenari, bisibisi ya Cyril ikaanguka.

"Mama, rudia!"

"Nirudie nini? Mgeni anapewa kiti, hapewi jiko!"

Cyril alishakimbia. Tukamfuata, tukamkuta kainama anabadilisha nyaya huku anaropoka: "Ikiamka inamuuliza wa waya wa kwanza! Wa kwanza ni mgeni, ana harusi tu, sukari haijui! Mwenyeji arudi jikoni!" Akabonyeza. Kioo kikawa buluu, muziki ukalia. Pembejeo alimkumbatia Redio, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Mama Flora na Rose nao wakaingia, tukajipanga mbele ya kioo. Harusi ikaanza. Rose amebeba sinia. Rose anacheka. Rose anafunga kilemba. Vigelegele, bibi harusi anaingia, na hapo hapo kamera ikageuka: Rose anafukuza kuku. Nusu saa nzima. Christopher wa watu alikuwa amepanga alichopewa.

"Cyril."

"Naam, mama."

"Harusi ilikuwa ya nani?"

"Ya dada Flora, mama."

"Mbona Flora nimemwona kiwiko?"

"Kiwiko kizuri lakini," akasema Redio, nikamkanyaga.

Rose alikuwa ameshajifunika kanga hadi machoni. Cyril akajifanya anakaza nyaya. Nilimhurumia, nasema kweli. Mama Flora akaitazama kanga, akamtazama kijana, kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akashika meza.

"Mshenga aje Jumamosi," akasema akifuta machozi. "Lakini siku ya harusi yenu, video apige mtu mwingine!"

Tulipopata nafasi ya kupiga kelele, Redio hakuwepo tena. Alikuwa barabarani, mikono juu, anamsimamisha kila apitaye:

"Jamani, tumekwisha! Sasa kompyuta zinaposa!"