Brevet Mbele ya Mulango ya Pharmacie

(Uwanja wa hôpital moja ya Himbi, Goma, saa nne ya asubuyi. Wagonjwa thelathini na wawili waliokuja kuchukua dawa ya virusi ya Sida, yaani ukimwi, wamevalishwa tricot nyeupe na kukalishwa kwenye viti vya plastiki. Nyuma ya micro, mulango ya pharmacie umefunikwa wote na calicot, kitambaa kirefu chenye maandishi ya sherehe.)

Alo, alo. Munanisikia? Excellence Bwana Mwakilishi wa yule aliyepaswa kuja. Waheshimiwa wakubwa wa mkoa katika vyeo na sifa zenu zote, pamoja na wale ambao vyeo vyao vinangojea saini. Bwana Médecin Directeur wa hôpital hii, ambaye hayuko, lakini koti yake iko kwa kiti, ninaisalimia. Papa Florent, mwenye ufunguo wa pharmacie, ambaye ninamuomba abaki ameketi sababu protocole imemuweka safu ya kwanza. Wachungaji, bapapa, bamama, na wewe journaliste mwenye appareil ya picha, tout protocole observé, itifaki yote imezingatiwa!

(Makofi ya watu wanne.)

Mimi, Ézéchiel Niyibizi, Coordonnateur Général wa Programme ya Kuimarisha Uongozi wa Ba-hôpital, mutu ambaye hata mwenyewe nikijiangalia kwenye kioo asubuyi ninajisemea pole pole, ee Ézéchiel, mzigo huu Mungu alikupa wewe tu, niko na furaha isiyo na mupaka kufunga leo formation, mafunzo ya siku tano ya ba-gestionnaires thelathini na wawili, ambao kuanzia sasa wataongoza hôpital zetu kwa namna ya kisasa, intégrée, participative, na hata zaidi ya hapo, ili mugonjwa wa Sida asikose kidonge chake hata siku moja.

(Wagonjwa wanaangaliana. Sauti ya nyuma: "Ba-gestionnaires ni banani?")

Ni ninyi! Tulifungua formation saa tatu na dakika hamsini, tunaifunga saa nne, na kama siku tano zimeingia ndani ya dakika kumi, bapapa na bamama, hiyo ndiyo wazungu wanaita efficacité. Wataalamu wa kufundisha hawakufika, habari ya ndege zisizotua Goma munaijua wenyewe. Lakini munakumbuka pale kwa barrière ya kuingilia, kila mutu alisaini mara tano?

(Sauti nyingi: "Walituambia ni liste ya dawa!")

Voilà! Hakuna hata mmoja aliyekosa kusaini. Présence ni asilimia mia moja. Kuridhika kwa participants ni asilimia mia moja na nne, sababu kuna wanne walioridhika mbele hatujaanza.

(Mama mmoja wa safu ya mbele anasimama. Ni Mama Dative, aliyetoka muji wa Kiwanja, mbali, kwa pikipiki mbele jua halijatoka. "Papa, unisamehe. Kidonge changu cha mwisho nilimeza jana mangaribi. Motari, mwenye pikipiki, ananingojea pale inje na anataka kurudi. Dawa munatoa saa ngapi?")

Question pertinente! Secrétaire, andika: participante wa Kiwanja ameonyesha uongozi. Mama, keti. Jibu lako liko ndani ya module ya pili, ambayo inasema mambo ya dawa yashugulikiwe haraka sana, kwa kikao, kisha kikao cha kuangalia kikao, kisha barua, na barua hiyo isitaje dawa, ili isilete panique.

(Mama Dative: "Lakini pharmacie iko pale nyuma yako, Papa. Ni calicot tu imeifunika.")

Tusiguse calicot! Photo de famille, picha ya wote pamoja, bado. Calicot hii ilitoka mbali, imeandikwa majina ya wenye kutusaidia wote, na huu ndiyo mulango peke yake wenye upana wake. Mungetaka niitundike wapi, kwa ukuta ya choo?

(Kicheko. Papa Florent anagusa ufunguo mufukoni, Coordonnateur anamuangalia, naye anaondoa mukono.)

Niendelee. Kuna watu wenye midomo mirefu, hapa Goma hawakosekani, wanasema ati formation hii hakuna aliyeiona. Ninawajibu: module ya tatu ni usiri! Siri ya mugonjwa ni takatifu. Tumeichunga siri mupaka ba-gestionnaires wenyewe hawakujua kama wanafundishwa. Ile bench munakaa kila mwezi pale inje mukipigwa na jua, munafikiri mulikuwa munakaa bure? Ilikuwa mazoezi ya vitendo!

(Muzee Havugimana, kiti cha tatu: "Yewe! Basi mimi nilifundishwa miaka sita.")

Félicitations, muzee! Mimi ninajua mateso yenu. Ninakijua kile kidonge kinene cheupe cha mangaribi, chenye kukwama hapa kooni ukimeza na maji kidogo, kisha unalala na ndoto za ajabu, unaota ngombe anakuuliza kitambulisho...

(Mama Dative anamuangalia vizuri.)

...nilisoma hayo kwa vitabu. Vitabu vinene. Tuache hayo! Ninataka kusema jambo la uchungu. Mugonjwa anafika, muganga yuko, dawa iko, na mulango imefungwa sababu gestionnaire anangojea ruhusa ya mukubwa. Hiyo ni haya! Ndiyo maana, mimi mwenyewe, kwa mukono huu, niliandika kwenye brevet zenu, vyeti vya kumaliza formation, article ya saba. Musikilize: "Mwenye brevet hii ni gestionnaire kamili, na anaweza kufungula pharmacie kwa faida ya wagonjwa bila kungojea ruhusa ya mutu yeyote, hata Coordonnateur." Hata mimi! Munaona unyenyekevu huo? Na cachet iko, muhuri ya mviringo, nyekundu!

(Makofi ya kweli, ya kwanza tangu asubuyi.)

Tugawe sasa. Journaliste, karibia. Wa kwanza ni yule mama wa Kiwanja, sababu ameishasimama na tunapunguza muda. Jina? Dative Uwingabire. Shika hapa, mama, cheka kidogo, angalia appareil. Usifunike uso.

(Mama Dative anafunika uso kwa brevet. Picha inapigwa. Kisha anaishusha, anaisoma polepole, kidole kwa article ya saba. Anageuka: "Papa Florent, simama. Fungula.")

Mama, mama, mama. Pole pole kwanza. Brevet ni... ile ni brevet ya kuweka kwa ukuta, unaelewa?

(Journaliste anasogeza micro yake: "Unasema brevet si ya kweli, Papa Coordonnateur?")

Nani amesema? Ni ya kweli kabisa! Cachet unaiona!

(Papa Florent: "Sasa nifanye nini? Ni gestionnaire kamili ndiye anasema." Anasimama na ufunguo. Muzee Havugimana anachukua brevet zote kwa meza, anazigawa mwenyewe. Wagonjwa wanaacha viti.)

Bapapa na bamama, tafazali, protocole! Bado recommandations kumi na saba! Muzee, hiyo kamba ya calicot... musivute... ee Yesu, wameshusha. Muikunje basi, musiikanyage. Journaliste, usipige ile.

(Calicot imeanguka. Mulango inafunguliwa. Mama Dative anasimama pale na brevet mukononi, anapanga watu: "Bazee mbele. Wenye kutoka mbali kisha. Mimi nitachukua wa mwisho, motari atangoja, nimemuambia sasa mimi ni chef." Mulongo ya watu inasonga upesi.)

Naam. Munaona? Formation imezaa matunda mbele hata ya... Niseme basi slogans, munijibu hata mukiwa mumenigeuzia mugongo. Ba-gestionnaires, oyé!

(Sauti ya vidonge vikitikisika ndani ya chupa.)

Gestion bora!... Mugonjwa kwanza!... Programme yetu!...

(Viti vyote vimebaki tupu. Coordonnateur anaangalia saa, anashuka kwa jukwaa, micro ingali mukononi.)

Nimalizie kwa shukrani. Ninawashukuru wote walioniandikia barua nzuri za kusifu Programme hii mbele haijawa kitu. Ninaishukuru imprimerie iliyochapa calicot, tricot na brevet, sababu hivyo vitatu ndivyo Programme yenyewe, hakuna kingine. Hakuna bureau, hakuna mwalimu, hakuna module. Na zaidi ninawashukuru ninyi. Rapport niliituma mwezi uliopita, nikaandika ndani yake: "Ba-gestionnaires thelathini na wawili wanaongoza pharmacie, hakuna mugonjwa aliyerudi bila dawa." Nilitunga, na leo mumefanya ikuwe kweli, na mimi sina hata kidole ndani yake. Aksanti. Aksanti sana.

(Anafika mwisho wa mulongo, nyuma ya muzee Havugimana, aliyechelewa kwa kugawa brevet. Anatoa mufukoni kadi ndogo iliyokunjwa mara nne.)

Mama gestionnaire, usifunge kwanza. Siku zote Papa Florent ananipitishiaga dawa kwa mulango ya nyuma. Leo sikupata. Na mimi kidonge changu cha mwisho nilimeza jana.

(Mama Dative anaangalia kadi, anamuangalia yeye, anachukua liste ya présence kwa meza. "Jina yako siioni hapa, Papa. Ulisaini?")

Hapana, mama.

("Basi saini. Mara moja tu inatosha. Na uniachie ile micro, watu wasisikie jina yako.")